Utupa Kwenye Maharagwe

Maharagwe yalikuwa yameanza kutoa maua vidukari walipoingia. Walikuja kama wanavyokuja siku zote, wachache, weusi, wamejibanza kwenye ncha changa ambako shina bado ni laini. Niliwaona siku ya kwanza nikasema kesho. Kesho yake nilikuwa na madaftari ya darasa zima ya kusahihisha. Siku ya tatu ncha zilikuwa zimejikunja, majani yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mashina kama watu wenye shughuli zao. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Shamba lile halikuwa la kuchezea. Liko upande wa Kizuka, Rumonge, kati ya michikichi, linateremka kuelekea ziwani. Mama yangu alizaliwa juu yake, akalikimbia akiwa msichana wakati wa vita, akarudi akiwa na mvi, na mimi nyuma yake mtu mzima mwenye cheti cha ualimu cha Tanzania. Tulikuta watu. Hawakuwa wavamizi wa jana. Walikuwa wamelima pale miaka mingi na kuzika wafu wao pale. Ikaja tume ya ardhi, ikavuta kamba, ikagawa: nusu ya chini yetu, nusu ya juu ya jirani. Kila upande ukatia dole gumba kwenye karatasi. Karatasi ile ilikuwa na sentensi moja iliyonikaa kichwani: upande utakaoharibu mazao ya mwenzake, shauri lake litafunguliwa upya. Mama aliihifadhi ndani ya plastiki, chini ya Biblia. Kufunguliwa upya kunaishia wapi, hakuna aliyetueleza, na kwa hiyo tuliogopa yote.

Jirani mwenyewe alikuwa mjane wa umri wa mama. Alikamua mawese, na mikono yake ilikuwa na ile rangi ya machungwa isiyotoka hata Jumapili. Ulimi wake ulikuwa mkali. Alikuwa na wajukuu wanne waliokula kutoka nusu ile ya juu, na hakuna mwingine wa kuwalisha. Yeye na mama walisalimiana amahoro kila asubuhi, na amahoro hiyo ndiyo ilikuwa mazungumzo yao ya siku nzima.

Mimi nilikuwa na dawa. Mwaka uliotangulia nilikwenda kwenye formasyo ya siku tatu, mafunzo ya kulima bila sumu za dukani, na nikarudi na karatasi yenye muhuri niliyoibandika ukutani kabla hata wino wa muhuri haujakauka. Tulifundishwa kutengeneza dawa ya utupa. Utupa ni kile kichaka ambacho wezi wa samaki hukiponda na kukitia mtoni ili samaki waelee matumbo juu. Majani yake yanaua vidukari pia. Unayaponda, unayaloweka, unatia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani, unapuliza. Mwalimu wa formasyo alisema mengi zaidi: saa ya kupuliza, kiasi cha sabuni, na kwamba kabla ya yote uchungulie chini ya jani uone nani mwingine anaishi pale. Baadhi niliandika. Mengine yalisemwa baada ya chakula cha mchana, na mimi baada ya chakula cha mchana sina uwezo wa kusikia.

Kiasi cha sabuni nilikikumbuka vizuri: ukubwa wa kiberiti kwa ndoo. Nilikidharau. Sisi ni watu wa Rumonge. Sabuni inachemshwa uani kwetu kutokana na mawese yetu wenyewe, na mtu wa hapa kukata sabuni kwa kipimo cha kiberiti ni kujitangazia ufukara. Nikatia mche mzima. Majani nayo nikayafanya mara tatu, kwa sababu yalikuwa majani, na majani hayajawahi kumdhuru mtu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Ninaandika hapa bila kujitetea.

Jirani alipita na dumu lake akanikuta naponda.

"Amahoro, mwarimu. Uko unafanya nini apo?"

"Dawa, mama. Ya vidukari."

"Mi sitie kitu. Zile nyekundu zimeshaanza kubakula. Ngoja siku ine, tano, utaona."

Zile nyekundu nilizijua, vile vidudu vya mviringo vyenye madoa meusi mgongoni ambavyo watoto huvitembeza kwenye kidole. Nilikuwa nimeviona viwili vitatu kwenye maharagwe. Viwili vitatu mbele ya jeshi! Nikamwambia dawa yangu haikuwa sumu ya dukani, ilikuwa majani tu.

"Hata bangi iko majani," akasema.

Alikuwa anatania. Najua sasa kwamba alikuwa anatania. Lakini mimi nina hasira za karibu, na nilikuwa nimechoka, na mche wa sabuni ulikuwa umeniteleza mara mbili mkononi. Nikamwambia: "Mmekaa na shamba letu miaka yote hiyo, leo mnataka kunifundisha kulilima?"

Akajitwisha dumu, akaenda. Mtu wa ulimi kama ule akikosa la kujibu, ujue umemgusa kwenye jeraha. Nililijua hilo, na kusema kweli lilinifurahisha.

Kesho yake nilitoka shule saa nane, nikala kidogo, nikachuja dawa, nikabeba pompi mgongoni. Nilikulia katika kambi ya wakimbizi, mbali na maji makubwa. Upepo wa kambini ulikuwa upepo wa vumbi, unakuja ukitaka na kuondoka ukitaka. Sikujua kwamba upepo wa huku una saa zake kama kengele ya shule: asubuhi unashuka kutoka milimani kwenda ziwani, na mchana ukishapinda unapanda kutoka ziwani kwenda milimani. Nilianza kupuliza saa tisa. Ukungu mweupe ukatoka kwenye pompi, ukakaa kidogo juu ya maharagwe yetu, kisha ukanyanyuka na kuvuka mpaka, ukashukia mistari ya jirani. Nikauona. Nikafikiri, basi, nimemtibia yake bure, na wala hatanishukuru.

Mama alikuwa chini ya mchikichi anapepeta mchele. Aliniangalia, akaugeuza ungo wake upande mwingine, akaendelea.

Asubuhi iliyofuata nilifurahi sana. Vidukari walikuwa wamekauka kwenye mashina, ukipitisha kidole wanapukutika. Chini kwenye udongo kulikuwa na maiti za wadudu wengine, vitu vyeusi virefu vyenye mabaka ya machungwa ubavuni na miguu sita, kama mamba waliofinyangwa na mtoto. Sura zao zilikuwa mbaya kweli. Kulikuwa pia na buibui wadogo waliojikunja, na zile nyekundu tatu zimelala chali. Nikachota mamba wale kwenye kiganja nikampelekea mama.

"Tazama, mama. Hata maadui wakubwa wamekufa."

Mama alitazama kiganja changu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Naona," akasema.

Siku ya nne nikaona kidukari mmoja. Siku ya sita nikaacha kuhesabu. Walikuwa wametoka ndani ya yale majani yaliyojikunja, ambako dawa haikufika, na kidukari hahitaji harusi wala mume. Jike huzaa watoto walio hai na watoto nao baada ya wiki moja wanazaa. Safari hii hawakuishia kwenye ncha. Walishika maua, wakashika vitumba vya maganda, wakashuka kwenye mashina mpaka shina likawa jeusi tii. Nilitaka kupuliza tena lakini maharagwe yalikuwa na majeraha ya sabuni, kingo za majani zimeungua, na nikaogopa kuua kilichobaki. Kila nikitoka shule nilikuwa napita njia ya nyuma ili nisione shamba mapema. Usingizi nao ulinikimbia.

Kilichonitia hofu zaidi kilikuwa ng'ambo ya mpaka. Mistari ya chini ya jirani, ile iliyopokea ukungu wangu, ilikuwa imekuwa myeusi kama yetu. Mistari yake ya juu kabisa, karibu na nyumba, ilikuwa kijani. Ningeweza kujiambia ni bahati yake, ni mbolea, ni jivu la jikoni. Lakini mstari kati ya weusi na kijani ulikuwa umenyooka, na ulisimama pale pale ambapo ukungu uliishia.

Alhamisi, jirani akiwa sokoni, nilivuka. Nilichuchumaa kwenye mistari yake ya juu nikageuza jani. Vidukari walikuwepo, lakini wachache, na katikati yao alikuwepo mmoja wa wale mamba, mzima, anatembea. Alimshika kidukari kwa taya, akamnyanyua miguu ikielea hewani, akamnyonya mpaka likabaki ganda. Akamwacha, akachukua wa pili. Nilihesabu mpaka kumi na watatu, miguu yangu ikafa ganzi. Kwenye jani la pembeni, mamba mwingine alikuwa amejibandika kwa mkia, hatembei, amekuwa kama kifungo. Na kwenye jani la chini yake kifungo kama kile kilikuwa kimepasuka, na ndani yake anatoka mdudu laini wa rangi ya njano, wa mviringo. Alikaa pale anapata hewa. Madoa yalianza kumjia mgongoni taratibu, nikayaona yakija.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Nilikuwa nimewachota watoto wa zile nyekundu kwenye kiganja nikawaita maadui.

"Uko unatafuta nini kwangu?"

Alikuwa nyuma yangu na kikapu kichwani. Nikasema natafuta kuku wetu.

"Nyinyi hamuna kuku," akasema. Kweli, hatukuwa na kuku. Akatua kikapu. "Ako kamamba njo mutoto ya ile nyekundu. Kwangu uku juu biko. Uku chini byote bilikufa siku ile ulipuliza. Jumamosi bashingantahe banakuja. Nimeshabaita."

Bashingantahe ni wazee wanaoamua mashauri ya kilima, na hao ndio ambao neno lao lingepelekwa kwenye tume. Nilirudi nyumbani bila kuhisi ardhi. Nilimwambia mama kwamba wanakuja. Nilimwambia habari ya mamba, habari ya mche mzima, na kwamba sikujua upepo. Alikuwa anamenya mihogo. Hakuacha kumenya.

"Usiseme kitu," akasema. "Sema ni ugonjwa, umepita kwa wote. Una karatasi ya muhuri, waonyeshe. Dawa ya majani."

"Mama, ni mimi niliyeua."

"Wewe hukujua." Akatupa maganda. "Mimi niliujua upepo. Nimezaliwa nao. Ulipobeba pompi saa ile nilijua utaangukia wapi."

Nilisimama pale na sikuamini masikio yangu. Nikamwuliza kwa nini hakuniita. Sauti yangu ilikuwa kubwa, nadhani jirani alisikia.

"Wajukuu wake wanakula maharagwe ya shamba hili tangu wameota meno," mama akasema. "Wewe ulikula unga wa njano wa kupimiwa kambini mpaka ukavunja ungo. Nilitaka mwaka mmoja tu, na wao waone."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Na papo hapo nilitaka kumfunika na khanga nimfiche asionekane. Sikujua hisia mbili hizo zinaweza kukaa kifuani pamoja.

Jumamosi walikuja wazee watatu. Walipita mistari yote polepole, mikono nyuma, wakigeuza majani. Watu wa kilima walikuwa wamekusanyika pembeni kama wanavyokusanyika kwenye jambo la mwenzao. Nilisimama na karatasi yangu ya muhuri mkononi, imelowa jasho. Mzee wa kwanza akaniuliza kama dawa yangu ilikuwa na sumu.

Nilikuwa nimekesha nikijiandaa kusema kweli. Mdomo ukafunguka, ukasema: "Hapana, mzee. Ni majani tu. Tulifundishwa."

Mmoja wao alikuwa mvuvi maisha yake yote. Alitembea mpaka kwenye pipa letu, akainama, akaokota machicha niliyoyatupa siku ile baada ya kuchuja. Yalikuwa yamekauka, lakini maganda ya mbegu yaliyochumwa pamoja na majani yalikuwa bado mazima. Akayapekechua, akayainua watu wayaone.

"Iyi njo benye kuiba samaki banatia mu muto," akasema. "Inaua kila kitu kidogo, yenye kutakiwa na yenye haitakiwi. Mwarimu, ulifundishwa kutia ngapi?"

Hapo uongo wangu ulikwisha. Nikasema. Nikasema majani mara tatu, nikasema mche mzima, watu wakaguna kwa ule mche, mwanamke mmoja akacheka. Nikasema nilipuliza saa tisa kwa sababu sikuujua upepo. Nikasema wale wadudu wanaokula vidukari niliwaua pande zote mbili, kwa mkono wangu, na sikuwajua, na jirani alikuwa amenionya nikamtukana. Niliposema hilo la mwisho nilimtazama jirani usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Uso wake haukulegea.

Wazee wakamgeukia. Haki ilikuwa yake. Wakamwuliza kama anataka shauri liende kwenye tume, lifunguliwe upya.

Nadhani yeye pia alikuwa ametia dole gumba na yeye pia hakujua kufunguliwa upya kunaishia wapi. Akainyoosha mikono yake ya rangi ya mawese, na badala ya kuwajibu wazee akaniuliza mimi.

"Wewe ulizaliwa kule, hukujua upepo. Sawa. Mama yako alizaliwa hapa. Siku ile alikuwa wapi?"

Watu wote wakamtazama mama. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mdogo, amejifunga kitenge cha kanisani.

"Hakuwepo," nikasema.

"Nilikuwepo," mama akasema.

Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia sauti yake ikipita kando ya sikio langu, imetulia, sauti ile ile ya kuitikia jina lake kwenye foleni ya mgao. "Nilikuwepo, na upepo niliuona. Nilinyamaza."

Nilijua karatasi iliyokuwa chini ya Biblia imekwisha. Niliiona tume, niliiona kamba, niliona tukifunga magodoro tena.

"Najua," jirani akasema. "Nilikuona unageuza ungo, unafuata upepo."

Akawageukia wazee. Alisema hataki tume. Alisema tume ikija inakuja na kamba, na kamba haimjui mtu. Anataka kitu kimoja. Kwake juu wale mamba bado wapo, na wanaweza kuhamishwa kwa mkono kama mtu ana subira. Lakini mwarimu asije, maana mwarimu hawajui na atawaponda. Aje yule mwingine. "Uyu habajue," akasema akimwelekezea mama kidevu. "Wewe unabajua. Kesho mapema uje uchukue, utie mu maharage yako."

Mama akamshukuru, murakoze. Hawakupeana mkono.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kanisa, mama alivuka mpaka kwa mara ya kwanza tangu turudi. Nilimfuata mpaka mwisho wa nusu yetu, nikasimama hapo kwa sababu nilikuwa nimekatazwa. Nilimwona akipita kwenye mistari ya juu ameinama, anageuza majani, anachuma yale yenye mamba pamoja na kipande cha kikonyo, anayalaza kwenye beseni. Jirani alisimama mlangoni kwake na kikombe cha chai, hakusaidia. Mama alichukua saa nzima. Alipomaliza, beseni lilikuwa na majani kama arobaini, pengine kidogo zaidi.

Akateremka. Nilinyoosha mikono nipokee. Hakunipa. Alisimama kwenye mistari myeusi ya jirani, ile ya chini, akaanza kubandika jani moja kila baada ya mashina kadhaa, akilibana kwenye panda ili lisianguke. Alikwenda mpaka mwisho wa mstari, akarudi na wa pili.

"Na yetu, mama?" nikamwita.

Alichungulia ndani ya beseni. "Hawatoshi," akasema, akaendelea na mstari wa tatu.

Kengele ya kanisa ikalia hajamaliza. Jirani aliweka kikombe chake chini, akashuka, akashika ukingo wa pili wa beseni. Mistari ile ya chini ilipona nusu, wajukuu wakala. Yetu tuling'oa mashina tukawapa mbuzi wa watu, na msimu mzima tulikula maharagwe ya kununua. Mama hakulalamika hata siku moja. Mimi nililalamika.